Picha ya Kijapani Chumbani kwa Bibi

Juzi, rafiki yangu, mjukuu wangu wa Ghubra, hapa Maskati, kanionesha kwenye simu picha za Kijapani za zamani, zile zinazochongwa kwenye ubao kisha zikapigwa chapa karatasini. Visa vya mapenzi ya kale, wanawake nywele mpaka sakafuni. Aliniuliza kama nzuri. Nikamrejeshea simu yake.

Sisi tulikuwa nayo moja. Babu aliinunua Unguja kwa baharia wa Kijapani, akampa bibi: mwanamke amekaa nyuma ya pazia la mianzi, na nje, mvuani, mwanamume anamchungulia. Mwaka sitini na nne tukakimbilia Maskati, bibi, mama na mimi, na picha ile mizigoni. Babu alibaki nyuma na habari zake zikakatika.

Ndugu yake babu alitupokea nyumbani kwake Darsait. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulimaliza mwaka na hatukupewa hata ufagio. Lakini mzee yule alikuwa mkali wa dini, na sura ya mtu ukutani hakuitaka kabisa. Bibi aliitundika picha yake chumbani kwetu akaifunika kanga. Kila nikisikia viatu vya mzee uani, nilikimbilia kuivuta kanga ifunike vizuri.

Alasiri moja mama alitetemeka kwa homa. Bibi akachomoa kanga ile akamfunika, ukuta akausahau. Mzee akaja kumjulia hali mgonjwa. Bibi alikwishammiminia kahawa ndipo mzee alipoinua macho.

"Shemeji, nini hii?"

"Nduguyo ndiye aliyeinunua."

"Malaika hawaingii penye sura. Na nyumba hii yangu." Hatukuwa na kwengine kwa kwenda, hata mimi mtoto nililijua hilo. "Basi wakate shingo," mzee aliendelea. " Sura isiyokuwa na kichwa si sura."

Ndiyo desturi ya watu wetu wa dini: unapitisha mstari shingoni, picha inakuwa si mtu tena. Bibi alichukua kijiti cha wanja, akamkata mwanamke taratibu. Alipofika kwa yule wa mvuani, mkono ukasimama.

"Mama, kata," mama alimsihi kutoka kitandani.

"Huyu siwezi, shemeji. Sijaletewa habari kuwa kafa."

Mzee aliitazama picha, akakitazama kikombe. Mwisho akakitikisa, ishara kwamba kahawa imemtosha, akamrejeshea bibi.

"Muache," alisema. "Na mimi nnamngoja."

Nyumba ile imevunjwa, pamesimama magorofa, na siku hizi sioni mtu anayekitikisa kikombe. Mzee alitangulia, bibi akamfuata miaka mingi baadaye. Alikufa hajakaa eda ya babu hata siku moja.