Fundi Aliyemsafisha Mama

Siku ya kujengea kaburi la mama kule Ibaba nilichomeka flashi yenye sauti yake kwenye sabufa, ndugu wote wakanyamaza ili wamsikie. Ikatoka sauti kama ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Shangazi, aliyelima na mama miaka yote, akaniuliza, "Huyu ni nani, baba?"

Sisi hatukuandika barua. Baba alikuwa migodini Zambia, na mama aliongea Kindali, lugha yetu, akijirekodi kwenye redio kaseti, kisha dereva wa lori akapeleka kanda. Baba alipokufa, kanda moja ilirudi na mizigo yake. Ilivuma, sikatai, lakini ndani yake mama alivuta pumzi, alifukuza kuku, alicheka kabla ya kusema neno.

Nikaipeleka Tunduma kwa fundi wa kurusha nyimbo kwenye simu za watu, ainakili kwenye flashi.

"Usihofu, mzee, dijitali ni kioo! Hayo makelele yote nayafuta."

Akafuta kweli, na pumzi, na kicheko. Kilichobaki akakiminya kiwe kidogo, eti kisijaze flashi. Niliporudi kuidai kanda yangu, akacheka mbele ya wateja.

"Ile takataka? Niliitupa. Siku hizi nani anacheza kanda?"

Duka lake bado lipo jirani na mpaka, na mlangoni ameandika "Sauti Safi". Wewe fundi, toka nje unijibu mbele ya hao wateja wako: nani alikuambia pumzi za mama yangu ni uchafu?