Chemchemi Niliyoifundisha Bila Kuiona

Nilifundisha jiografia Lushoto mpaka nikastaafu, na kila mwaka nilichora ubaoni chemchemi inayorusha maji ya moto angani: kilima mfano wa kichuguu, tundu juu yake, na mistari ya chaki ikipanda. Mwaka mmoja msichana wa dawati la mbele aliniuliza kama nimewahi kuiona. Nikasema sijawahi, nimeisoma tu kitabuni. Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Sasa ni mama wa watoto wawili, anasomea miamba Marekani. Mwezi uliopita alinipigia nikiwa shambani Magamba, navuna viazi na mume wangu. Baada ya shikamoo aliniomba nitafute mahali penye mtandao mzuri, kwa kuwa alikuwa ndani ya hifadhi ya taifa ya huko, mbele ya chemchemi yenyewe. Kwetu jioni ilikuwa inaingia. Kwao ndiyo kwanza kumekucha.

Tukapanda hadi uwanja wa kanisa, mikono imejaa udongo. Kwenye simu nikaona kilima cha mawe ya kijivu, kirefu kumpita mtu, kinafuka kama jiko la kuni mbichi. Tukangoja. Ukungu ukatushukia. Maji yalichungulia yakarudi ndani, mara tatu. Nikamwambia asimalize bando lake kwa ajili yangu.

"Vumilia kidogo, Mwalimu," akasema. "Mimi nimeingoja siku mbili."

Kisha yakatoka, meupe, yakapanda mpaka yakapita ukingo wa kioo, na yule mwanafunzi wangu akainua simu kuyafuata. Mume wangu, ambaye si mtu wa kusifu kitu, alivua kofia.

Yalipotulia alinieleza kwamba kile kilima kimejengwa na maji yenyewe: kila yanaporuka huacha chembe za mawe, miaka nenda miaka rudi. Mimi nilikuwa nikifundisha kwamba kilima kilikuwapo kwanza, maji yakakitoboa. Nikamwambia nimewapotosha watoto wengi.

"Ulituambia wazi kwamba hujaiona," akasema. "Ndiyo maana nikatamani kuja kuangalia."

Mtandao ukakatika kabla sijajibu. Nilishuka mlima nimeshika mkono wa mume wangu, machozi yananitoka, namshukuru Mungu kwa kazi aliyonipa.

Asubuhi nilimwandikia asante ndefu. Niliiandika kwa Kishambaa, lugha yetu ya nyumbani niliyokuwa nikiwakataza wanafunzi kuizungumza darasani.