Mama Nukta na Swali la Masikio

"Hivi mwenzangu, huko kazini kwako unamtibu nani?" Jirani yake Mama Nukta, fundi cherehani, alimuuliza hivyo siku moja, pini amezibana midomoni. Mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu. Hakuwahi kumtibu mtu, hata mafua.

Kila baada ya miaka michache wadadisi hupita nyumba kwa nyumba na dodoso, wakiuliza habari za afya: nani ana homa, nani amejifungua, nani haoni, nani hasikii. Majibu huwekwa pamoja, na wasomi huyachukua wakaandika makala. Kazi ya Mama Nukta ilikuwa kuyatafuta makala hayo. Alikaa kwenye kona ya maktaba ya afya, nyuma ya mashine ya fotokopi inayotoa joto kama jiko. Yaliyojirudia aliyatoa, na kila muhtasari aliusoma mpaka aridhike kwamba umetokana na majibu ya wadadisi kweli. Kisha kompyuta ikamchorea ramani. Kila mada ilikuwa nukta; iliyoandikwa sana ilinenepa, na zinazoandikwa pamoja ziliungwa kwa mstari. Uzazi ulikuwa mnene kama sahani. Ndiyo maana wenzake wakampa jina la Mama Nukta.

Alikuwa mtu wa sala, haiwashi kompyuta kabla ya kuinamisha kichwa kidogo. Tena alipenda unadhifu. Mada zilizoandikwa mara chache aliiambia kompyuta iziache, picha isije ikafanana na mchele uliomwagika. Hakuna aliyewahi kumlaumu.

Mwaka mmoja dada yake, ambaye ni mdadisi, alipita maktaba kupumzisha miguu. Akavua viatu, akaitazama ramani mezani.

"Masikio yako wapi?"

"Masikio gani tena, dada?"

"Mimi nazunguka juani nauliza nani hasikii. Namuuliza babu, anajibu bibi! Mbona hapa sioni kitu?"

"Hii si ramani ya wagonjwa, dada. Ni ya makala. Ya masikio ni machache mno, nikayaacha."

"Haya. Na wakubwa wako wanalijua hilo?" Dada alikuwa anavaa viatu. "Maana tumeambiwa dodoso limekuwa refu, maswali yanapunguzwa. Wanaopunguza watatazama hiyohiyo picha yako."

Chai ikamwishia ladha Mama Nukta. Nyumbani kwao alikuwapo mama yao, ambaye kwa miaka mingi alicheka watu wakicheka, bila kuusikia mzaha wenyewe. Swali likiondolewa, walio kama yeye hawatajulikana hata kama wapo.

Asubuhi yake akazirudisha nukta zote alizoziacha. Ramani ikachafuka. Masikio yakatokea ukingoni, kadoa kama punje ya ulezi, hakakuunganishwa na chochote. Akampelekea mkuu wa maktaba.

"Sasa umeiharibu picha nzuri, mama," mkuu alisema akishusha miwani.

"Niwie radhi, mkuu. Niliiharibu pale nilipoifanya nzuri."

Akamweleza yote. Mkuu akairudisha miwani machoni. "Kamati ya kupunguza maswali inakaa leo mchana. Mimi nitaonyesha ramani, ila maneno utasema wewe. Usinitolee macho, mimi sing'ati!"

Mwenyekiti wa kamati alikuwa daktari mpole, mwenye kurasa nyingi za kupunguza. Akaweka ncha ya kalamu kwenye kale kadoa. "Haka nadhani tukaondoe. Hapa hakuna tatizo kubwa."

Mama Nukta akamtaja Mungu moyoni, akasimama. Akasema udogo wa nukta hauonyeshi uchache wa wagonjwa. Unaonyesha uchache wa walioandika. Majibu ya watu wasiosikia yapo, yamekusanywa kila mara, ila yamelala tu. Akakiri pia kwamba katika ramani zilizopita yeye mwenyewe aliziondoa nukta za namna hiyo, kwa kupenda picha ipendeze.

"Kumbe!" akasema mmoja wao, na wengine wakaivuta ramani karibu waitazame upya. Daktari akaiweka kalamu chini. Hakukasirika.

"Basi tuambie, mama. Unataka tufanye nini?"

"Naomba swali la masikio libaki kwenye dodoso, na mmtafute mtu wa kuyasoma majibu yake."