Daktari Alipotaja Risasi

Niwieni radhi kwa kimya kirefu, marafiki, gego lilinitesa. Lakini leo, hapa Rumonge, neno moja limewakimbiza watu!

Daktari wa meno, mtu wa Uvira, alikwisha kusafisha tundu la jino. Akapaza sauti, maana masikio yangu ni mazito:

“Muzee, tukutilie risasi, ao ile ya mweupe?”

Risasi! Katika vita hivi!

Alikuwa ametafsiri tu “plombaji” ya Kifaransa, yaani kuziba jino, neno litokanalo na madini ya risasi. Lakini benchi la nje halikungoja sarufi. Wagonjwa wote wakatimkia kwenye michikichi!

Nikatoka na pamba kinywani: “Rudini! Ni ya jino! Daktari, sema amalgamu!”

Wakarudi wakicheka. Mama mmoja, angali anahema, akaniambia:

“Muzee, weka ya mweupe. Risasi tumeichoka.”

Daktari anasema amalgamu ni nyeusi lakini hudumu kwenye gego. Rezini nyeupe hufanana na jino, ila hugandishwa kwa taa, na umeme wetu mnaujua. Kwa sasa ameziba kwa muda.

Ninyi mngechagua ipi?

Benchi zima limechagua nyeupe. Mimi bado, nikikata shauri, nitawaandikia.