Kopo la Maswali

Basi halijasimama sawasawa, mgeni akasikia dirisha linagongwa.

"Wewe ndiye mwandishi? Shuka upesi, tumechelewa. Begi lete hapa."

Aliyegonga alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, raba miguuni, daftari kwapani. Mji mzima ulimwita Mama Ratiba. Alikuwa amesoma mita za maji mpaka akastaafu, akizijua nyumba zote, mbwa yupi anauma na mama yupi analia chumbani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa pia katibu wa Klabu ya Alhamisi. Kila wiki ndiye aliyetafuta mtu wa kuja kuzungumza na wananchi: leo taka, wiki ijayo soko, wiki nyingine kodi ya majengo.

"Kazi yako ni moja tu," alimwambia mgeni wakivuka stendi. "Utasoma maswali."

"Mimi? Hata jina la mtaa huu silijui."

"Ndiyo maana. Huna shemeji hapa."

Akamweleza. Zamani watu waliuliza kwa mdomo, mpaka siku wachinjaji wawili waliporushiana viti kwa ajili ya machinjio. Hapo Mama Ratiba akaleta kopo la maziwa ya unga, kengele ya mezani na utaratibu wake. Unaandika swali bila jina. Yeye anayachuja. Mgeni asiye na upande anayasoma. Na juu ya yote, shida ya mtu binafsi haisomwi. "Kila mwamba ngoma huvutia kwake," alikuwa akisema. "Tukianza na mtaro wa fulani na choo cha fulani, tutalala hapa." Viti vikaacha kuruka. Maofisa waliokuwa wakibembelezwa waje, sasa walipiga simu wenyewe kuomba nafasi.

Walipofika kwenye jengo dogo lenye mlango wa buluu, alipunguza mwendo.

"Hii ndiyo zahanati yetu. Mume wangu anafungwa kidonda hapa, Jumatatu na Alhamisi. Sukari imeshachukua vidole vitatu. Kutoka kwetu mpaka mlango huu ni hatua mia mbili na kumi za magongo. Nimezihesabu." Akanyoosha kidole kule malori yalikokuwa yakipita mfululizo. "Wanataka kuihamishia ng'ambo ya barabara kuu. Afisa mipango anakuja leo kueleza, na Jumatatu baraza linapitisha."

"Sasa utafanyaje?"

"Nimeandika swali."

Alikuwa ameliandika asubuhi, mumewe akimsimamia. "Andika kwa upole, mke wangu," mzee alisema. "Ukiweka hasira watajua ni wewe." Likatoka hivi: Mgonjwa wa magongo atavukaje barabara kuu isiyo na kivuko? Na kwa kuwa leo lilikuwamo swali lake, aliona si haki achuje mwenyewe. Kazi hiyo alimwachia katibu msaidizi, mtoto wa kaka yake, fundi cherehani ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kwa miaka miwili.

Ukumbi ulikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Harufu ya saruji ilipanda mpaka kwenye chai. Afisa alikuja na ramani na shati lililopigwa pasi vizuri.

"Tunasogeza huduma karibu na wananchi," alisema.

"Wananchi gani, madereva wa malori?" sauti ikauliza nyuma. Watu wakacheka. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, akapiga kengele.

Likaja kopo. Mgeni akasoma. Jengo jipya litakuwa na maegesho? Litapakwa rangi gani? Limepewa jina? Afisa atarudi lini kuzungumzia taka? Ujenzi utachukua miezi mingapi? Afisa alijibu yote akitabasamu. Mama Ratiba alikuwa akiitazama mikono ya mgeni tu. Karatasi yake ilikunjwa mara nne. Angeitambua hata gizani.

Mgeni akapapasa chini ya kopo. "Yameisha."

Mama Ratiba akasimama. "Mheshimiwa, kuna swali..."

Kengele. "Mama Ratiba! Wewe tena?" Mwenyekiti alikuwa akicheka. "Jamani, mwenye sheria anavunja sheria!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Kivuko tu. Aseme kivuko kitakuwa wapi."

Kengele tena, mara hii bila kicheko.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu!" Alikuwa jirani mmoja, mshona mikeka, ambaye mwaka jana aliuliza habari za mtaro wake. Swali lile halikusomwa, na mvua ilipokuja maji yalimwingilia hadi kitandani. Mama Ratiba akaketi.

Fundi akamjia, uso umemchangamka. "Shangazi, leo nimechuja mpaka utafurahi. Nimetoa manne. Si ulinifundisha? Swali lenye mgonjwa ndani, swali lenye nyumba ndani, weka pembeni." Akampa bahasha.

Akaifungua chini ya meza. La kwanza lilikuwa lake. La pili, mama wa mapacha: nivuke na yupi kwanza? La tatu, mtu anayempeleka baba yake kwa toroli. La nne halikuwa na nukta wala mkato, lakini nalo lilikuwa la barabara ileile. Watu wanne katika chumba kimoja, kila mmoja akidhani ni yeye tu. Akakumbuka bahasha nyingine zote za maswali aliyoyatoa yeye. Kila Alhamisi alirudi nazo nyumbani akawashia jiko.

Watu walikuwa wakiinuka. Afisa akaja mezani kwake.

"Mama, baraza linahitaji kumbukumbu za kikao. Andika kwa kifupi: wananchi wameshirikishwa, maswali matano yamejibiwa, hakuna pingamizi."

"Kuna manne hayajasomwa."

"Kwa utaratibu wenu, yasiyosomwa hayapo." Hakusema kwa kejeli. "Ni utaratibu mzuri sana. Nimewashauri na miji mingine wauige."

"Tia saini, mama," mwenyekiti alisema. "Watu wana njaa."

Akaweka kalamu chini. "Mimi sisaini."

"Basi. Fundi, njoo wewe."

Fundi alimtazama shangazi yake, akatia saini kwa mwandiko mzuri ambao nao alifundishwa na shangazi yuleyule.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Mama Ratiba akachukua mkoba. Daftari akaliacha, na kopo, na kengele aliyoinunua mwenyewe.

"Nikusindikize?" mgeni akauliza.

"Kaa, unywe chai. Leo ni siku ya kidonda. Muuguzi anafunga zahanati saa tisa, na mzee bado yuko kitandani ananisubiri." Akamtia bahasha mkononi. "Umesoma matano. Haya ndiyo yaliyobaki."

"Niyasome sasa?"

"Wewe si mgeni? Huna shemeji hapa."

Akatoka. Kwenye ngazi alisimama, mkono ukutani, akaitegea sikio sauti ya mgeni. Juu kule vijiko vilikuwa vikikoroga vikombe, na mtu mmoja aliuliza kama kuna maziwa. Akangoja mpaka lori la tatu lilipopita barabarani. Kisha akashuka, akaanza kukimbia.