Salamu Zilizoangusha Kompyuta ya Kibondo

Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme yenyewe ndiyo iliniacha, maana mimi nilikuwa bado nimekaa. Hesabu ilinishinda, Kiingereza kikanishinda, hata golini nilikaa siku moja tu wakanitoa. Kitu kimoja hakikunishinda: kusalimia. Sisi Waha hatukutani mtu akasema "mambo" akapita kama mbuzi. Unapiga makofi taratibu, unauliza kuamka, unauliza watoto, muhogo, mvua, na ule mguu uliokuwa unauma. Baada ya hapo ndiyo unasema shida iliyokuleta.

Kwa kipaji hicho nikapata kazi Kasulu, duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Bosi wetu ni mzee wa Kiislamu, kwao Tanga, na ana duka la pili Kibondo. Maduka yote mawili yameunganishwa na programu moja kwa intaneti. Kila asubuhi naandika mzigo unaoondoka na lori: saruji, mabati, misumari. Nikibonyeza "tuma", Kibondo wanauona hapohapo. Chini yake kuna kiboksi kimeandikwa "Maelezo". Wenzangu walikuwa wanakiacha wazi.

Msimamizi wa Kibondo alikuwa mama mmoja mtu mzima wa Busunzu, mjane, amesomesha watoto wake wote kwa kazi ile. Mmoja wao ni binti. Nilimwona siku moja nilipopeleka mzigo huko, kaja kumletea mama yake chakula, nikabaki nimeshika bati juu ya lori mpaka dereva akaniuliza kama nimekuwa nguzo. Sasa niambie, mama mkwe unayemtarajia utamwandikia "saruji mifuko themanini" kavukavu hivyo? Nikawa najaza Maelezo. Mwakeye mama, umeamkaje, muhogo umeshaanikwa, mvua ya huko ikoje, mguu unaendeleaje, kuku wamepona?

Ndipo kompyuta ya Kibondo ikaanza kufa. Mzigo ukiingia tu, programu inajifunga, na mpaka ikubali kuwaka tena wateja wamepanga foleni hadi barabarani. Bosi akachoka.

"Yule mama anabonyeza hovyo," alisema, chai mkononi. "Umri umeenda. Ikifa tena mpaka wiki hii iishe, namrudisha Busunzu akalime, naweka kijana."

Mama mwenyewe akanipigia. "Mwanangu, mimi hata siigusi! Nakaa mikono mapajani, inakufa yenyewe. Naona nimerogwa."

Nikamwonea huruma sana. Ili kumfariji, kesho yake nikaongeza salamu.

Halafu likaja jino. Nilienda kung'olewa, dereva akaandika mzigo badala yangu. Huyu amepeleka mizigo Nyarugusu, kambi ya wakimbizi wa Kongo, miaka mingi, mpaka Kiswahili chake kimehamia Kongo. Aliandika, "Saruji 80. Mabati 40. Inakuja." Basi. Siku hiyo Kibondo walifanya kazi mpaka jioni bila tatizo.

Nikarudi na shavu limeumuka kama andazi. Nikamwandikia mama habari zote za jino, tangu lilivyoanza, na salamu juu yake. Kompyuta ikafa kabla lori halijawashwa.

Dereva akanitazama. "Njo weye unaua ile mashini, papa."

"Mimi? Niko Kasulu, mashine iko Kibondo. Mkono wangu una urefu gani?"

"Mkono hapana. Mudomo."

Nilicheka, lakini neno likaniingia. Mchana wateja walipopungua nikampigia mama.

"Mama, natuma fupi. Angalia."

"Imefika. Inapumua."

"Sasa natuma ndefu. Nimekuuliza mpaka kuku."

"Mwanangu, imekufa."

Tukarudia. Fupi, inapumua. Ndefu, imekufa. Nikahisi nimefaulu mtihani wa kwanza maishani mwangu.

Nikampigia dada wa Dar anayehudumia programu. Nilijua atanicheka, na kweli alicheka. "Kaka, kwani umeandika herufi ngapi?"

"Dada, huku salamu hazihesabiwi."

Akaniambia nimtumie salamu zangu zote, azijaribu kwenye mashine yake. Ikafa. Sauti yake ikabadilika. "Kaka, hili usimwambie mtu wa nje hata mmoja mpaka nizibe."

Akanieleza polepole, kama mtu wa kidato cha pili, na nilishukuru. Ndani ya kompyuta vyombo vimepangwa bega kwa bega. Aliyetengeneza programu aliweka kibaba cha kupokea maelezo, akasahau kuweka wa kuangalia kama kimejaa. Mimi namimina debe zima. Kinachofurika kinaingia chombo cha jirani, na huyo jirani ndiye anayetunza maagizo ya nini kifuate. Programu inakuta muhogo mahali pa agizo, inachanganyikiwa, inaanguka.

"Na akitokea mjanja?" nikauliza.

"Hapo ndipo penye hatari. Mjanja hamwagi muhogo. Anapima vizuri, anafurikisha maagizo yake mwenyewe, na kompyuta inamtii. Duka linakuwa lake akiwa amekaa kwao."

Nikaenda kwa bosi. Hakuniamini. "Andika mbele yangu nione."

"Hapana bosi, andika wewe. Nikiandika mimi utasema nina mkono wa mkosi."

Tukamweka mama kwenye simu, sauti ya juu. Na watu wa Tanga nao salamu wanazijua! Bosi alianza na assalaam alaykum, akaingia kwenye afya, akaombea mvua, biashara, vizazi na vizazi, kwa kidole kimoja, mpaka chai ikapoa. Akabonyeza "tuma".

"Imekufaaa!" Mama akapiga vigelegele. Wateja wa Kibondo wakaitikia bila hata kujua ni harusi ya nani.

Bosi akakitazama kidole chake. "Mimi ndiyo nimeua?"

"Ndiyo bosi," nikasema. "Umri umeenda."

Dereva alipaliwa. Mimi nikaanza kuwaza nitalima wapi. Lakini bosi alicheka mpaka kofia ikaanguka, akaichukua ile simu. "Mama, nisamehe. Kiti ni chako, mpaka wewe mwenyewe ukichoke."

Dada akaziba tundu, akatuma programu mpya kwetu na kwa maduka yote yanayoitumia. Sasa kiboksi kikijaa kinakataa. Alisema watu wengi wamepona wizi kwa ajili ya muhogo wa Busunzu, na wala hawatajua.

Wiki iliyofuata mama akanipigia. "Mbona salamu zako siku hizi zinakatikia kwenye mvua?"

"Mashine imenibana, mama."

"Basi zilizobaki zilete mwenyewe Jumapili. Njoo na mtu mzima."

Mtu mzima niliyempata ni bosi. Alikaa mbele kwenye lori, kanzu imepigwa pasi, akinisumbua njia nzima nimfundishe makofi yanapigwaje. Tulipofika mlangoni tukapiga, tukaanza na kuamka, tukaja muhogo, mvua, mguu. Binti alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, amejiziba mdomo kwa khanga. Tuliuliza mpaka kuku, na hakuna kilichozimika.