Uliegemea Ukuta

Elinipa alizaliwa Olmotonyi, kwenye shamba la migomba na kahawa la baba yake, Sifaeli, mzee wa kanisa la Kilutheri. Mama yake alikufa mapema. Binti akikosea, Sifaeli alimwaga punje za mahindi sakafuni, akampigisha magoti juu ya punje hizo asali mpaka alie. Akishalia, alimbeba, akampa maziwa ya moto, akamwambia, "Sasa Mungu amekusikia." Siku nyingine hakumgusa kabisa.

Alipoolewa na Sadoki, fundi bomba wa Kimandolu, aliendelea kupiga magoti juu ya mahindi chumbani, kwa hiari yake. Kusali kanisani kulimwacha mtupu. Magoti yakichubuka, moyo ulitulia kama wa mtoto aliyebembelezwa.

"Hiyo si sala, mama Nancy," Sadoki alimwambia. "Ni ugonjwa."

Kisha Sadoki akaanguka kutoka juu ya tangi la maji, akavunjika shingo. Hospitali wakasema wasubiri. Elinipa akarudi nyumbani kusali, lakini magoti yake yalikuwa yameota sugu, hayakuuma tena. Hofu ikamshika. Akamwaga mahindi sakafuni, akamwita Nancy, binti yao mdogo.

"Piga magoti hapa. Baba anakutegemea."

"Mama, inauma."

"Ndiyo maana Mungu atasikia. Usiinuke."

Nancy alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Elinipa akamkumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu ajali akavuta pumzi vizuri. Simu ikaita. Sadoki alikuwa amefariki.

Msibani, kwaya ikiimba uani, Nancy alimvuta mama yake kanga. "Mama, nilipiga magoti vibaya?"

Elinipa angeweza kusema hapana.

"Uliegemea ukuta," akasema.

Evaresta, dada wa marehemu, aliyasikia maneno hayo. Baada ya maziko alimchukua Nancy kwake Maji ya Chai, hakuaga mtu.

Sasa Nancy ni mtu mzima, anauza nguo sokoni. Chakula kikianza kuombewa, huwa ameshainuka mezani. Mama yake akipiga simu, humwamkia, husikiliza kidogo, kisha hukata. Watu wakimuuliza baba yake yuko wapi, hujibu, "Nilimuua," kwa sauti ileile anayotajia bei ya gauni.